Rehema, rahimu, marehemu: ukoo wa maneno uliozaliwa na tumbo la uzazi

Dai hili limeenea sana. Husikika mimbarini, makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba "rehema" kwa asili yake ni tumbo la uzazi la mwanamke, na kwa hiyo kila anayelitaja Rahmani, jina la Mungu, anataja, bila kujua, kiungo cha mama. Wapo wanaolipokea kwa machozi. Wapo wanaolikataa kwa hasira, wakiona ni kumvunjia Mungu heshima. Pembeni yao kuna ubishi mwingine unaozuka kila anapofariki mtu anayejulikana: je, ni sawa kumwita "marehemu"? Neno hilo si la Waislamu peke yao? Na nani aliyetupa sisi mamlaka ya kujua kama Mungu amemrehemu? Mabishano haya mawili yana chimbuko moja, na anayelijua chimbuko hilo ataona kwamba karibu kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Chimbuko lenyewe ni neno la Kiarabu *rahim*, lenye i fupi, ambalo maana yake ni mahali mimba inapokaa ndani ya mwili wa mwanamke. Sisi huita mji wa mimba, mfuko wa uzazi au tumbo la uzazi. Wingi wake ni *arham*. Lipo pia jina la Mungu, *Rahiim*, lenye i inayovutwa, yaani Mwenye kurehemu. Kwa masikio ya Mswahili maneno haya mawili hulingana, kwa sababu mvuto wa irabu haubebi uzito uleule katika lugha yetu. Kwa Mwarabu ni maneno mawili tofauti, ingawa ni ndugu. Katika makala haya nitaandika rahim kwa kiungo na Rahiim kwa jina, tusije tukapotezana njiani.

Tuanze na namna maneno yanavyoweza kuwa ndugu. Kwa Kiswahili, kutokana na shina -pend- tunapata penda, upendo, mpenzi, kipenzi, pendeza. Shina linakaa katikati na viambishi vinaongezwa mbele na nyuma. Kiarabu kina njia yake. Mzizi wa neno huwa ni konsonanti, mara nyingi tatu, nazo husimama kama nguzo za nyumba. Irabu ni kuta, zinaweza kujengwa hivi au vile na kila ujenzi ukatoa chumba chenye kazi yake. Nguzo zetu hapa ni r, h na m. Zijenge hivi upate rahim, tumbo la uzazi. Zijenge vingine upate *rahma*, rehema. Kisha *rahima*, alirehemu, *Rahmaan* na *Rahiim*, *marhuum*, aliyerehemewa. Kiswahili kilipoyapokea baadhi ya haya kiliyalainisha, maana hakipendi konsonanti mbili zigandane pasipo irabu kati yake: rahma ikawa rehema, marhuum ikawa marehemu. Jambo la kuvutia ni kwamba watoto wa ukoo huu waliingia wakazoeleka, lakini jina la kiungo chenyewe halikushika katika mazungumzo yetu ya kila siku. Tulikuwa tayari na majina yetu. Ndiyo maana uhusiano ambao Mwarabu anausikia sikioni, sisi tunahitaji kuelezwa.

Ndani ya Kurani neno arham limetumika waziwazi kwa maana ya kiungo. Sura ya Aal Imran, aya ya 6, inasema Mungu ndiye anayewaumba watu matumboni kwa sura atakayo; Sura ya Luqman, aya ya 34, inasema yeye ndiye ajuaye kilichomo ndani ya matumbo hayo. Hapa hakuna fumbo lolote. Lakini neno hilohilo lina maana ya pili, nayo ni jamaa wa damu. Sura ya An-Nisaa, katika aya yake ya kwanza kabisa, inawaamuru watu wamche Mungu na wachunge arham, na wafasiri wanaelewa hapo ni kuuchunga udugu. Kutoka hapo umekuja msemo *silatu rahim*, kuunga udugu: kuwatembelea ndugu, kuwasaidia, kutokata mawasiliano hata kama wao wamekata. Neno la kiungo limekuwa neno la watu waliounganishwa nacho.

Maana hii ya pili imezaa mkanganyiko mkubwa katika mirathi ya Kiislamu, na inafaa tutulie hapa kidogo kwa sababu watu hugombana kwa ajili yake. Katika elimu ya mirathi kuna kundi linaloitwa *dhawil arham*. Ukilitafsiri neno kwa neno ni "wenye arham", na wengi wakisikia hivyo hudhani ni ndugu wa upande wa mama, wale wa tumboni. Hebu tazama waliomo ndani ya kundi hilo: watoto wa binti, mjomba, mama mdogo na mama mkubwa, babu mzaa mama, lakini pia shangazi, ambaye ni dada wa baba. Halafu mtazame asiyekuwemo: mama mwenyewe! Yeye ana fungu lake lililotajwa, theluthi moja au sudusi (moja ya sita) kulingana na warithi wengine waliopo. Kwa wanasheria, basi, jina hilo ni istilahi inayotaja ndugu wa damu ambao hawana fungu lililowekwa wala hawamo katika *asaba*, yaani wale wanaochukua kinachobaki. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali huwapa urithi pale makundi mawili ya mwanzo yanapokosekana. Msimamo wa asili wa Maliki na Shafii ni kwamba mali iende hazina ya Waislamu, ingawa wanazuoni wa baadaye wa Shafii waliwaruhusu kurithi pale hazina hiyo inapokuwa haiendeshwi inavyopasa. Sasa linganisha na Sura ya Al-Anfal, aya ya 75, inayosema *ulul arham* wanastahikiana wao kwa wao. Hapo neno linabeba jamaa kwa upana zaidi. Anayechukua aya hiyo na kuibandika moja kwa moja juu ya istilahi ya wanasheria, au kinyume chake, atakosea hesabu ya mirathi.

Turudi kwenye swali zito zaidi. Kati ya kiungo na rehema, kipi kilitangulia? Hapa ndipo ule ujumbe wa makundi ya simu unapokwenda haraka kuliko ushahidi. Wanaleksikografia, yaani watunzi wa kamusi, wa Kiarabu wa zamani walilitafakari jambo hili na hawakuelekea upande mmoja. Ar-Raghib al-Isfahani, aliyeandika kamusi maarufu ya maneno ya Kurani, anaanza na tumbo la mwanamke, kisha anasema neno likaazimwa kwa ajili ya udugu, kwa kuwa ndugu wote wametoka katika tumbo moja. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 1004, anaanza upande wa pili. Kwake yeye mzizi huu una maana moja ya msingi, nayo ni ulaini wa moyo, huruma na upole. Kutokana na huo ukaja udugu, na tumbo la uzazi likaitwa rahim kwa sababu humo ndimo anamotoka mtoto, kiumbe ambaye moyo humlainikia.

Mimi naona msomaji hapaswi kuipita tofauti hii mbiombio. Wanazuoni wote wawili wanakubali kwamba uhusiano upo. Wanachotofautiana ni mwelekeo wake. Anayesema "rehema maana yake ni tumbo" amelichukua neno ndugu akaligeuza kuwa tafsiri, na hakuna hata mmoja wa wawili hawa aliyefanya hivyo.

Lugha dada zinatusaidia kuona kwamba uhusiano huu ni wa kale sana, kuliko Kiarabu cha Kurani. Katika Kiakadi, lugha ya Babuloni na Ashuru ya kale, neno *remu* lilimaanisha tumbo la uzazi na pia huruma. Kiebrania kina *rehem* kwa kiungo na *rahamim* kwa huruma, na hilo la pili limewekwa katika umbo la wingi. Wasomaji wa Biblia wanalifahamu tukio ambalo neno hili linang'aa kuliko pengine popote. Ni hukumu ya Sulemani, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 3. Wanawake wawili wanagombea mtoto mmoja, mfalme anaagiza upanga uletwe mtoto akatwe vipande viwili, na mama wa kweli anasema bora apewe yule mwingine. Kiebrania cha aya ya 26 kinasema rahamim zake ziliwaka juu ya mwanawe. Mwandishi angeweza kuchagua neno lingine la huzuni au la upendo. Alichagua lile ambalo msikilizaji wa Kiebrania angesikia ndani yake tumbo lililombeba mtoto huyo, na kwa neno hilo kesi ilikuwa imekwisha kabla mfalme hajatoa hukumu. Tafsiri ya Kiswahili inatupa huruma ya mama, na ni sahihi, ila mwangwi huo hauwezi kuvuka.

Kwa hiyo dhana kwamba rehema ni neno la dini moja haisimami. Wakristo wanaozungumza Kiarabu huomba *Ya Rabb irham*, Bwana hurumia, kwa mzizi huuhuu, na Biblia ya Kiswahili ina "kiti cha rehema" katika Kutoka 25. Huko Yemen ya kale, wafalme wa Himyar walikuwa wakimwita Mungu mmoja *Rahmanan* kabla ya Uislamu. Yapo maandishi ya mawe ya Abraha, mtawala Mkristo, yaliyochongwa kwenye bwawa la Marib mnamo miaka ya 540, yanayoanza kwa kutaja uwezo na rehema ya Rahmanan na Masihi wake.

Makka kwa upande wake jina hilo halikuzoeleka kwa kila mtu. Kurani yenyewe inasimulia, katika Sura ya Al-Furqan aya ya 60, kwamba walipoambiwa wamsujudie Rahmani waliuliza: ni nini Rahmani? Na mwaka 628, mkataba wa Hudaybiya, kati ya Mtume na watu wa Makka, ulipokuwa ukiandikwa, Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makuraishi, kabila la Makka, alikataa maneno "Rahmani, Rahimu" yasiandikwe juu yake, akataka waandike "Kwa jina lako, ewe Mungu" kama walivyozoea. Mtume alikubali. Sura ya Al-Israa, aya ya 110, inalimaliza suala hilo kwa kusema mwiteni Allah au mwiteni Rahmani, vyovyote mtakavyomwita majina mazuri ni yake.

Je, kuna ubaya basi kulihusisha jina la Mungu na kiungo cha uzazi? Wanaokasirika wana hoja: Mungu katika imani ya Kiislamu hana mwili, hana jinsia, na hafanani na chochote. Lakini uhusiano wa maneno haya mawili haukubuniwa na waandishi wa mitandaoni. Umetajwa katika hadithi ya kudusi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume nje ya Kurani, iliyopokewa na wakusanyaji wa hadithi Tirmidhi na Abu Dawud, ambamo Mungu anasema kwamba yeye ni Rahmani, ameiumba rahim na kuipatia jina kutokana na jina lake. Atakayeiunga, Mungu atamuunga, na atakayeikata, Mungu atamkata. Tazama mwelekeo wa maneno hayo. Jina la rahim ndilo linalotokana na jina la Rahmani. Anayesema Rahmani limetokana na tumbo ameigeuza hadithi kichwa chini, na anayesema hayana uhusiano wowote ameiacha kabisa.

Kuhusu hisia, Ar-Raghib anatupa ufafanuzi ambao ningependa ujulikane zaidi. Anasema rehema kwa binadamu ina vitu viwili: moyo kulainika, na wema unaofuata. Ikitajwa kwa Mungu, kinachokusudiwa ni wema huo na ukarimu, bila ile hali ya moyo kutetemeka ambayo ni ya viumbe. Mtume naye alipotaka watu waifahamu rehema hiyo alitumia mama. Katika masimulizi yaliyomo kwa Bukhari na Muslim, mwanamke mmoja miongoni mwa mateka alikuwa akihangaika, kila akimwona mtoto anamchukua, anamkumbatia na kumnyonyesha. Mtume akawauliza masahaba: mnaona huyu anaweza kumtupa mwanawe motoni? Wakasema hapana, maadamu ana uwezo wa kutomtupa. Akasema Mungu ana rehema zaidi kwa waja wake kuliko huyu kwa mwanawe. Huo ni ulinganisho wa kiasi cha rehema, na uwezo wake wa kumgusa mtu hauhitaji uchambuzi wowote wa mzizi.

Kuna mahali pamoja ambapo hata wafasiri husita. Sura ya Al-Kahf, aya ya 81, inasimulia habari ya kijana aliyeuawa na mja mwema aliyefuatana na Musa, na inasema wazazi wake watapewa badala yake aliye bora kwa utakaso na aliye karibu zaidi kwa *ruhm*. Ni mzizi uleule, umbo lisilo la kawaida. Wengine wamelifasiri kuwa huruma kwa wazazi, wengine kuwa kuunga udugu. Kwa Kiarabu aya inaweza kubeba yote mawili kwa pumzi moja. Mfasiri wa Kiswahili analazimika kuchagua.

Na Rahmani na Rahimu, mbona majina mawili kwa maana moja? Umbo la kwanza kwa Kiarabu huonyesha kujaa: *atshaan* ni aliyejaa kiu, *ghadhbaan* aliyejaa ghadhabu. Umbo la pili huonyesha sifa ya kudumu, kama *kariim* na *aliim*. Ndiyo sababu tafsiri iliyozoeleka husema "Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu". Wafasiri wengi huongeza kwamba Rahmani inawaenea viumbe wote, na Rahimu inawahusu zaidi waumini, wakitegemea Sura ya Al-Ahzab, aya ya 43.

Sasa tuwatoe ukooni wasiohusika, kwa sababu kufanana kwa sauti kumewapoteza wengi. Kiarabu kina sauti tatu ambazo katika maneno mengi sisi tumezikusanya zote kwenye h moja: ha nzito ya kooni, ha nyepesi, na kha. Matokeo yake raha, rahani, rahisi na rahimu zinaonekana kama ndugu wanne, ilhali kila moja ina mzizi wake. Raha iko pamoja na roho. Rahani ina ile ha nyepesi, na rahisi kwa asili ina kha. Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya rahim na haramu. Herufi ni zilezile tatu, lakini mpangilio umebadilika, na kwa Kiarabu mpangilio ukibadilika mzizi umebadilika. Hapa ndipo maharimu, yaani mtu ambaye ni haramu kuoana naye daima, na jamaa wa rahim huchanganywa. Mama mkwe ni maharimu wa mwanamume, hawezi kumuoa kamwe, lakini si jamaa yake wa damu. Mama aliyekunyonyesha bila kukuzaa vivyo hivyo. Binti wa mjomba ni jamaa wa damu, ila si maharimu. Duara mbili zinazokutana sehemu moja tu.

Wanaojifunza kusoma Kiarabu nao wana mtego wao: rahiim na *rajiim* kimaandishi hutofautiana kwa nukta moja tu, ile ya herufi jim (j). La kwanza ni sifa ya Mungu. La pili ni sifa ya shetani, aliyefukuzwa kwa kupigwa mawe.

Imebaki "marehemu". Ile *ma-* iliyo mwanzoni siyo ile ya matunda na magari. Ni alama ya Kiarabu ya aliyetendwa, tunayoikuta pia katika majeruhi (aliyejeruhiwa), mahabusu (aliyefungwa), maarufu (anayejulikana) na mashuhuri. Marehemu kwa umbo lake ni "aliyerehemewa". Waturuki husema *merhum*, wasemaji wa Kiurdu *marhoom*, Wamalay wana *Allahyarham*, ambalo ndani yake limo ombi zima: Mungu amrehemu. Kiarabu na Kituruki hutenga mwanamume na mwanamke. Kiswahili kiliiacha tofauti hiyo, na wingi wake hubaki marehemu vilevile.

Wapo wanazuoni walioona kwamba kumwita mtu "aliyerehemewa" ni kudai ujuzi wa ghaibu, wakapendekeza iwe dua badala ya habari. Hoja yao inaeleweka. Lakini Kiarabu kina desturi ya kuomba kwa umbo la wakati uliopita: *rahimahullah* kimaandishi ni "Mungu alimrehemu", na kila anayelisema anaomba, hatoi taarifa. Marehemu inasimama kwenye desturi hiyo. Katika Kiswahili cha leo neno limeenda mbali zaidi, linamtaja mtu yeyote aliyefariki, awe wa dini gani au asiye na dini, na hutumika katika ripoti za polisi na hukumu za mahakama. Mkristo anayeambiwa alikwepe kwa sababu ni la Waislamu anapokonywa neno ambalo mzizi wake umo katika Biblia yake mwenyewe. Hayati, linalotangulia majina ya viongozi waliofariki, ni la mzizi mwingine kabisa, ule wa uhai, na halina dua ndani yake. Mwenye kutaka kumwombea mtu wake ana marehemu.

Jambo moja la mwisho linawahusu wazazi wanaotafuta majina. Rahma, Rehema na Rahimu ni majina ya watu bila tatizo. Kurani yenyewe, katika Sura ya At-Tawba aya ya 128, inamsifu Mtume kwa neno rahiim. Rahmaan ni tofauti. Wanazuoni wamelihifadhi kwa ajili ya Mungu peke yake, na historia inamkumbuka Musaylima, aliyedai utume huko Yamama, kwa kujiita Rahmani wa Yamama. Ndiyo maana jina kamili ni Abdulrahmani, mja wa Rahmani, na Waislamu wengi huhimizana kutolikata likabaki nusu yake ya mwisho hata wanapomwita mtoto kwa haraka.